Seva Iliyopiga Hodi

Jumatatu, 8 Februari 1999

Madam Gillian alibonyeza kitufe cha "Wageni Wetu" asubuhi, akaenda kunywa chai. Akarudi. Ukurasa mweupe. Akaenda kugombana na mtunza bustani kuhusu michongoma. Akarudi. Mweupe bado, kama kanzu ya Idi. Akaniita.

Niandike kwa utaratibu, ili watakaoandika habari za maisha yangu wasipate tabu. Mimi ni Mbarak, mzaliwa wa Kinondo, kibarua wa kompyuta katika hoteli hii ya Galu tangu kabla ya Ramadhani. Madam ndiye meneja. Hoteli ina kurasa zake kwenye intaneti: picha za bwawa, vitanda, kamba wa kuchoma. Kila kompyuta ya Ulaya inayokuja kuchungulia huacha namba yake. Alfajiri seva yetu, ile kompyuta kubwa iliyo chumbani mwangu, hupiga simu na kuzichukua namba hizo. Kisha programu yangu huhesabu nani amechungulia nini, na anatoka nchi gani. Nimeiandika mwenyewe. Si mchezo.

Sasa, namba peke yake haisemi nchi. Lazima iulizwe. Kwa hiyo mtu akibonyeza kitufe, seva hupiga simu tena na kuuliza namba moja moja: wewe nani, watoka wapi? Zipo zinazojibu, zipo zinazonyamaza. Hapo ndipo ulipo uungwana wangu. Mtu wa pwani hapigi hodi moja akaondoka. Hodi ni tatu, na baina ya hodi na hodi humpa mwenye nyumba nafasi. Pengine yuko msalani. Pengine anatafuta kanga ya kujitanda. Seva nimeifundisha hivyo hivyo. Hodi, inangoja. Hodi, inangoja. Hodi ya tatu, inangoja, ndipo inakwenda kwa jirani. Quincy, yule kijana wa Nairobi anayeshughulikia printa na waya, angeuliza mara moja na kuondoka kama askari wa msako.

Madam akaniambia Bwana Johnstone, tajiri mwenye hoteli, anakuja Jumamosi. Anataka kuona wanaochungulia wanatoka nchi gani, ili ajue matangazo ayapeleke wapi. Ukurasa ukifunguka upesi mbele yake, naajiriwa kwa kudumu. Usipofunguka, kiti changu anapewa Quincy na kibarua changu kinaota nyasi. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema baraka haijawahi kulipa bili ya stima.

Na Jumapili ndiyo posa! Ami Boga anakwenda Msambweni kwa Mzee Dzombo kuniombea binti yake, Biasha, anayekaa mapokezi na kushika simu. Mzee ametamka wazi kwamba mwanawe hamwozi kibarua. Mfungo Mosi, mwezi wa posa na harusi, unakwisha, na Ami hataki kusogeza siku. Basi seva itakimbia, ipende isipende.

Jumanne, 9 Februari

Nimegundua chanzo. Joto!

Mwezi wa pili huu hata mimi nafikiri polepole. Chumba changu kina dirisha dogo na feni inayosukuma joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Nikaazima waya mrefu stoo, nikaibeba seva kwa mikono yangu mpaka chumba cha barafu cha jikoni, nikaiweka kati ya samaki, changu na kolekole. Baya, mpishi mkuu, akauliza hicho ni kitoweo gani. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema kwake mambo ya kitaalamu huparwa magamba kwanza.

Nikabonyeza kitufe. Nikangoja. Nikatetemeka. Nikaenda kusali adhuhuri, nikarudi. Ukurasa mweupe. Kumbe hata baridi inahitaji muda wa kuingia, nikaongeza barafu.

Alasiri Baya alitutoa sote wawili. Seva ilikuwa inatoa jasho. Nikaianika juani kando ya bwawa. Wageni wakaipiga picha. Kima mmoja akashuka mkoroshoni, akachukua kipanya cha kompyuta, akapanda nacho, akakaa anakitafuna mkia. Nilimrushia kandambili. Sasa sina kipanya na kandambili ninayo ya mguu mmoja.

Seva inawaka, alhamdulillahi. Inanuka kolekole. Ukurasa bado unakwenda kwa mwendo wa konokono.

Jumatano, 10 Februari

Nimegundua chanzo cha kweli. Si joto. Ni Quincy.

Ushahidi: asubuhi aliingia chumbani mwangu bila hodi, amevaa saa, ameshika karatasi. Akataka kukaa kando ya seva na kupima kila kazi peke yake. Kuchukua namba kunakula muda gani, kuzihesabu muda gani, kuuliza majina muda gani, kuchora ukurasa muda gani. Eti huwezi kumtibu mgonjwa kabla hujajua panapomuuma. Nikamwambia mganga ni mimi. Akasema sawa boss, lakini si tucheki tu, step by step, hakuna noma.

Hakuna noma! Mwizi naye hupima nyumba kwanza. Nikampa mahamri mawili, nikamtoa kwa heshima, nikafunga mlango. Kisha nikaifunga na programu kwa neno la siri. Nimechagua neno gumu ambalo hakuna binadamu atakayelibuni: biasha.

Siku nzima iliyobaki nilikaa nyuma ya michongoma nikimchunguza. Alitengeneza printa ya Madam. Akala wali. Akatengeneza printa ya Madam tena. Hakufanya jambo lolote baya, na hiyo ndiyo dalili. Mtunza bustani akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia aendelee na kazi yake.

Ukurasa hauna nafuu. Quincy mjanja kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 11 Februari

Nimeipata. Ni simu!

Biasha mwenyewe ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia laini ya hoteli imeshikwa kutwa, na kwamba wakala wa Frankfurt anayetuletea wageni amelalamika kwa faksi ya hoteli ya jirani kuwa hatupatikani. Nikaelewa mara moja. Wafanyakazi wanazungumza na jamaa zao! Seva inataka simu, simu iko masikioni mwa watu. Nikatafuta kisanduku cha mbao, nikaifunika simu ya mapokezi, nikatia kufuli, ufunguo mfukoni. Nikaenda Ukunda kununua kipanya.

Nikarudi na kukuta kilio. Wageni walitaka teksi, hakuna simu. Bibi mmoja alitaka daktari wa meno, hakuna simu. Madam alikuwa amekivunja kisanduku kwa nyundo ya Baya ya kupondea nyama. Biasha akaniita pembeni. Akasema kwa upole, neno kwa neno kama anayemfunza mtoto alifu, kwamba anayeishika laini ni seva yangu. Nikibonyeza kitufe tu, taa yake ya simu inawaka, na haizimiki.

Nikamwambia, kwa mapenzi, asiwatetee wenzake. Akanitazama. Akarudi mezani kwake. Mpaka anatoka kazini hakunisemesha, na mimi nilipita pale mapokezi mara nyingi mno.

Kisha Mungu akaleta mbega. Kundi zima lilikuwa linavuka barabara kupitia nyaya za simu. Mmoja, mnene kama imamu baada ya maulidi, alikosea kuruka. Waya chini! Simu ya hoteli nzima kimya. Nikabonyeza kitufe kwa kukata tamaa tu, na ukurasa ukafunguka kabla sijaondoa kidole.

Nikabonyeza tena. Ukafunguka. Tena. Ukafunguka! Nikacheza peke yangu chumbani. Kilichoandikwa sikukisoma. Mtu akiona gari linakimbia haulizi limebeba nini.

Ijumaa, 12 Februari

Mafundi wa simu walifika asubuhi na kuurudisha waya. Ukurasa ukarudi kukwama. Nikauchomoa waya wa simu ukutani: mbio. Nikauchomeka: konokono. Nikauchomoa: mbio. Daktari gani angetaka ushahidi zaidi? Simu inailemea seva, basi. Kesho, tajiri akikaa tu kwenye kiti, waya utakuwa chini ya mkeka.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimwona Ami Boga. Shikamoo. Marahaba, mkuu wa mitambo! Nikashtuka. Kumbe ameshatangaza Kinondo nzima kwamba nimeajiriwa, na kwamba hakuna Mzungu anayelala Galu bila idhini yangu. Nikamwambia Ami, bado. Akasema neno likishatoka msikitini halirudi. Halua ameshaagiza.

Biasha nilimpelekea mabuyu, yale mekundu anayoyapenda. Akayapokea. Akayala. Midomo ikawa myekundu.

Naogopa. Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Nampenda Biasha. Simu inapolia, naye akaiitikia kwa ile sauti yake, mimi husimama nje ya mlango nikijifanya nakagua nyaya. Mzee Dzombo akisema hapana, nitaendelea kuisikia sauti ile kila siku, na itakuwa inamkaribisha kila mtu isipokuwa mimi.

Quincy amenipita akitabasamu. Amenitakia kheri ya kesho. Kheri gani hiyo, na yeye anangoja kiti changu.

Jumamosi, 13 Februari

Siku ndefu.

Bwana Johnstone alifika na miwani miwili, mmoja puani, mmoja kichwani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Madam nyuma yake. Quincy mlangoni. Waya chini ya mkeka. Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Ukurasa ukafunguka kama umeme! Bwana Johnstone akajiinua kitini. Madam akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona, macho ya heshima. Dunia ilikuwa yangu. Nikaanza kuchagua rangi ya kanzu ya harusi.

Kisha tajiri akashusha ile miwani ya kichwani, akasoma. Mgeni wa kwanza ametoka wapi? Hajulikani. Wa pili? Hajulikani. Ukurasa mzima mpaka chini, hajulikani, hajulikani. Akauliza Wajerumani wako wapi. Nikamwambia wageni wa mitandaoni wana haya. Akauliza Wataliano nao wana haya tangu lini. Akauliza kama anunue tangazo katika gazeti la nchi ya Hajulikani, na kama nchi hiyo ina uwanja wa ndege. Madam akafumba macho.

Hapo Quincy akaomba ruhusa. Akainua mkeka, akautoa waya, akauchomeka mbele ya watu wote. Msaliti! Akaeleza, bila hata kunitazama, kwamba simu ikikatwa seva haina pa kuuliza, ndiyo maana ilikuwa inakimbia mikono mitupu. Alikuwa amepima kila kazi peke yake. Kuchukua namba, si kitu. Kuhesabu, si kitu. Kuchora, si kitu. Muda wote ulikuwa unaliwa na kuuliza majina, na hasa zile hodi tatu kwa namba zisizo na mwenyewe. Akatengeneza nakala inayopiga hodi moja fupi, alfajiri tu, simu ikiwa haina mtu, na jina likishajulikana linawekwa, haliulizwi tena.

Nikamuuliza aliingiaje, na programu nimeifunga kwa neno la siri. Akakuna kichwa. Akasema alijaribu biasha. Madam akasema hata yeye angejaribu biasha. Bwana Johnstone akauliza Biasha ni nani, na kila mtu akatazama dari.

Quincy akabonyeza nakala yake. Ukafunguka upesi, na nchi zote ndani: Ujerumani juu, Uingereza, Uswisi, Italia. Nikasema kwamba kumpokea mgeni bila kumuuliza tena jina lake ni ukosefu wa adabu. Bwana Johnstone akaendelea kusoma.

Nikatoka. Nisiseme uongo, nilikimbia. Lakini mlangoni basi la wageni kutoka uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika, na Biasha yuko peke yake, Frankfurt sikioni, wageni wamejaa mpaka kwenye ngazi, jua linawachoma. Akaniangalia. Nikaingia nyuma ya meza. Ningefanya nini?

Nikamkaribisha wa kwanza. Jambo, jina lako nani, watoka wapi, safari ilikuwaje, mama hajambo? Nikampa dafu. Nikamkaribisha wa pili. Bibi mmoja wa Uswisi alinieleza habari za magoti yake, kisha za marehemu mumewe, kisha akanishika mkono akatokwa na machozi, nami nikatokwa na machozi. Kilichonitoa machozi hasa ni kile kiti changu alichopata Quincy, lakini bibi hakujua. Foleni haikusogea. Hakuna aliyenung'unika, madafu yalikuwa ya baridi.

Nilipoinua kichwa Bwana Johnstone alikuwa amesimama kando ya nguzo, anasikiliza. Akaniuliza wangapi kati ya hawa walituona kwenye kompyuta. Nikamwambia mume na mke wa Bremen, na yule mganga wa meno wa Zurich aliyetamani kamba wa pichani. Wengine wamesikia kwa majirani zao. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimewauliza.

Akamgeukia Madam. Akasema huyu abaki hapa mapokezi, kwa kudumu, na yule mwingine abaki na seva. Nikafungua mdomo kukataa, maana mimi ni mtu wa kompyuta, nina cheti cha Mombasa. Biasha akanikanyaga mguu wenye kandambili mpya. Nikafunga mdomo.

Jumapili, 14 Februari

Mwoaji haendi posani. Nikakaa kwenye kibanda cha chai Msambweni, nikanywa chai hadi mwenye kibanda akaniuliza kama nina mgonjwa hospitalini.

Ami Boga akatoka mwishowe, kofia imekaa upande. Akakaa, akaagiza chai, akaipuliza. Nilitaka kumpokonya kikombe. Akasema Mzee Dzombo aliuliza neno moja tu, kazi ni ya kudumu? Ami akasema ni ya kudumu. Kazi gani? Ami, aliyekwisha kunitangaza kuwa mkuu wa mitambo, akameza mate na kusema kupokea wageni. Mzee akashusha pumzi. Akasema alhamdulillahi, maana alisikia kijana ni mtu wa kompyuta, akawa na wasiwasi. Kupokea wageni ni kazi ya waungwana.

Wakamuuliza Biasha. Akakubali. Tena alimtuma shangazi yake aniambie kwamba angenikubali hata ningebaki kibarua, hizo kompyuta hazikuwahi kumshughulisha.

Nililia, pale pale kibandani, mbele ya sinia ya mahamri. Ami akanipa leso yake.

Ila lile la kompyuta ni haya za kike. Najua nilivyokuwa napendeza mbele ya seva.

Jumatatu, 15 Februari 1999

Siku ya kwanza mapokezi, shati jipya, jina langu kifuani. Basi moja limeshuka asubuhi, na adhuhuri wageni wa mwisho bado walikuwa kwenye ngazi wamekalia masanduku yao. Mmoja amelala. Madam alikuja mara tatu kuuliza kwa nini foleni haisogei. Nikamwambia nalichunguza jambo hilo, na ninalo fununu.

Quincy alipita na saa yake. Akasema kama nataka, anaweza kukaa kando na kupima kila kitu peke yake, kuandika jina, kutoa ufunguo, kusalimiana. Nikamshukuru, nikamwambia arudi kwa seva yake. Kumbe hata cheo hakijamtosha, sasa anataka na mapokezi.

Jioni Biasha aliinama sikioni kwangu, mchumba wangu, na harufu ya asumini kwenye nywele. Akaniambia foleni inasababishwa na nini. Alieleza taratibu, neno kwa neno, na mwisho akauliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia, roho yangu. Sauti nzuri kama ile, nani atashika maneno.

Nimelitafakari mpaka sasa. Nadhani ni feni.